Kamera, Pingu na Jina Lisilotajwa: Uchambuzi wa Kesi ya Turner dhidi ya Driver

Mwezi Septemba 2015, mjini Fort Worth katika jimbo la Texas, mtu aitwaye Phillip Turner alisimama kwenye njia ya waenda kwa miguu akiwa na kamera ya video. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kituo cha polisi, na ndicho alichokuwa anakirekodi. Hakuwa na silaha. Alisimama mahali ambapo yeyote anaruhusiwa kusimama, akirekodi kitu ambacho yeyote anaruhusiwa kukitazama.

Gari la doria likaja, likasimama. Maafisa wawili wakashuka. Mmoja akamsalimia vizuri tu, na kwa pumzi ileile akamuuliza kama ana kitambulisho. Turner akaendelea kurekodi. Akaulizwa tena, na tena. Ndipo naye akauliza swali ambalo kwa maoni yangu ndilo lililoibeba kesi nzima: je, nimezuiliwa?

Afisa akamjibu kwamba ndiyo, amezuiliwa kwa ajili ya uchunguzi, kwa kuwa wana wasiwasi na mtu anayezunguka pale na kamera. Turner akauliza amezuiliwa kwa kosa gani. Jibu: "Sijasema umefanya kosa." Kisha afisa akaongeza kwamba wao wana haki na mamlaka ya kumjua anayepitapita karibu na majengo yao. Turner akauliza itakuwaje asipojitambulisha. Akaambiwa hilo litaonekana wakifika hapo.

Hawakuchukua muda kufika. Bila onyo, maafisa walimtia pingu na kumnyang'anya kamera. "Hivi ndivyo inavyokuwa usipojitambulisha," akaambiwa. Turner akaomba aitwe mkubwa wao. Wakamwingiza kiti cha nyuma cha gari la doria, na kwa maelezo yake wakamwacha humo madirisha yakiwa yamefungwa, hewa haiingii, mpaka akaanza kugonga mlango. Hapo wakateremsha vioo.

Luteni wa zamu akafika. Akamuuliza Turner anafanya nini pale. Turner akasema alikuwa anapiga picha kutoka ng'ambo ya barabara. Luteni naye akaomba kitambulisho. Turner akamjibu kwamba halazimiki kujitambulisha kwa sababu hajakamatwa kihalali, na kwamba ameamua kutofanya hivyo. Luteni akasema: "Uko sahihi." Akaenda kuzungumza na maafisa wake, wakarudi, wakamsomea Turner somo, kisha wakamwachia na kumrudishia kamera yake. Hakushtakiwa kwa kosa lolote.

Huyo luteni jina lake la ukoo ni Driver, na ndilo lililoingia katika jina la kesi. Nalitaja mapema ili msomaji asidhani kwamba aliyeshtakiwa ni dereva wa gari lile la doria.

Jambo moja la kushika kabla ya kuendelea: maelezo hayo yametoka katika hati ya madai ya Turner. Kesi hii iliamuliwa mapema, kabla ya ushahidi kusikilizwa. Maafisa waliomba itupwe kwa hoja kwamba, hata kama kila alichoandika Turner ni kweli, sheria inawakinga. Katika hatua hiyo mahakama huyachukua maelezo ya mlalamikaji kama yalivyo na kuuliza: haya yakiwa kweli, kuna haki iliyovunjwa? Mahakama ya wilaya ya shirikisho ilijibu kwa kuitupa kesi. Turner akakata rufaa, na tarehe 16 Februari 2017 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano, inayokaa New Orleans na ambayo maamuzi yake yanazifunga Texas, Louisiana na Mississippi, ikatoa hukumu ya majaji watatu. Hukumu hiyo ndiyo ninayoichambua.

Kushikwa, neno moja lenye milango mitatu

Kwetu, mtu akisimamishwa na polisi tunasema "wamemshika". Akiulizwa maswali barabarani, wamemshika. Akiwekwa kwenye gari, wamemshika. Akilala mahabusu, wamemshika. Neno limemeza kila kitu, na ukiingia katika kesi hii nalo utapotea, maana sheria ya Marekani inayagawa mambo hayo kwa milango mitatu, na kila mlango una ufunguo wake.

Mlango wa kwanza ni mazungumzo ya hiari. Polisi ana ruhusa kumwendea mtu yeyote na kumuuliza chochote, jina likiwamo. Hahitaji sababu. Na mtu naye hahitaji sababu ya kukataa kujibu au kuondoka zake.

Mlango wa pili ni kuzuiliwa kwa muda mfupi. Tangu hukumu ya Terry dhidi ya Ohio ya mwaka 1968, polisi anaweza kumzuia mtu ikiwa ana shaka yenye msingi kwamba mtu huyo anatenda kosa au anajiandaa kulitenda. Shaka hiyo lazima itokane na mambo anayoweza kuyataja na kuyaeleza. Hisia ya moyoni haitoshi, wala kusema tu kwamba mtu alionekana vibaya.

Mlango wa tatu ni kukamatwa. Hapa shaka haitoshi tena. Lazima kuwe na sababu ya kutosha ya kuamini kwamba kosa limetendwa, na kwamba huyu ndiye aliyelitenda.

Sasa rudi kwenye lile swali la Turner. Alipouliza "nimezuiliwa?", alimlazimisha afisa kutamka mlango alioko. Kabla ya jibu, afisa angeweza kudai baadaye kwamba yalikuwa mazungumzo tu ya watu wazima barabarani. Baada ya jibu, hakuna wa kupinga kwamba mlango wa kwanza umefungwa na kwamba polisi sasa wanawajibika kueleza shaka yao. Swali la pili, "kwa kosa gani?", likatoa jibu zito kuliko afisa alivyodhani. Mtu anayesema "sijasema umefanya kosa" na dakika chache baadaye anamtia mwenzake pingu amejifungia mlango wa tatu kwa mkono wake mwenyewe.

Ninalikazia hili kwa sababu watu wengi wanaporekodi polisi hubishana kuhusu kamera. "Nina haki ya kurekodi!" wanapaza sauti. Ni kweli wanayo, lakini ubishi huo haumwambii mtu kama yuko huru kuondoka. Swali la Turner lilimwambia.

Je, kulikuwa na shaka ya kumzuia?

Katika hatua hii Turner alishindwa, na nadhani wengi wanaoisifu hukumu hii huruka ukurasa huu.

Mahakama ilisema kwamba maafisa wawili wa kwanza walikuwa na kinga kwa kule kumsimamisha na kumuuliza. Sababu yake ilikuwa mazingira ya wakati ule. Miezi michache kabla, makao makuu ya polisi ya Dallas, mji jirani, yalishambuliwa kwa risasi. Afisa mwenye akili timamu, walisema majaji, angeweza kuona mtu anarekodi kituo na kujiuliza kama anapeleleza mahali pa kushambulia.

Mimi hili limenikaa vibaya. Kurekodi jengo la umma kutoka barabarani ni jambo halali, na ukikubali kwamba jambo halali pekee yake linazaa shaka kwa sababu mtu mwingine, mji mwingine, alifanya uhalifu, basi hakuna mwenye kamera asiyeweza kusimamishwa. Lakini lazima nieleze majaji walikuwa wanajibu swali gani. Hawakuulizwa kama kumsimamisha Turner kulikuwa sawa. Waliulizwa kama afisa yeyote mwenye busara angejua bila shaka kwamba ni makosa. Hilo ni swali jingine, lenye kizingiti cha chini sana kwa polisi, na ndilo moyo wa kile kinachoitwa kinga yenye masharti, yaani afisa hawajibiki kwa kitendo ambacho sheria haikuwa wazi kwamba kinavunja haki. Nitalirudia, kwa kuwa ndilo lililomnyima Turner nusu ya ushindi wake.

Jina

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kushangaa: ugumu wote huu kwa ajili ya kitambulisho? Si angekitoa tu? Swali hilo lina historia ndani yake. Neno "kipande", ambalo wengi bado wanalitumia kumaanisha kitambulisho, lilitumika hivyo Kenya ya mkoloni, pale Mwafrika mwanamume alipolazimishwa kubeba karatasi yake shingoni ili mzungu yeyote ajue katoka wapi na anafanya kazi kwa nani. Tumezoea kuombwa. Marekani hakuna kitambulisho cha taifa ambacho kila raia anapaswa kuwa nacho mfukoni, na mtu anayetembea kwa miguu hana wajibu wa jumla wa kubeba karatasi yoyote.

Je, ana wajibu wa kutaja jina? Hapo jibu linategemea jimbo, na Mahakama ya Juu ya Marekani imelijibu mara mbili kwa namna zinazoonekana kupingana kumbe zinakamilishana.

Ya kwanza ilitoka Texas yenyewe. Desemba 1977, saa sita na robo tatu mchana mjini El Paso, polisi walimwona mtu aitwaye Brown akiachana na mwenzake katika kichochoro. Wakamsimamisha. Walipoulizwa sababu baadaye, walisema alionekana wa kutiliwa shaka na kwamba hawakuwahi kumwona eneo lile. Brown akakataa kujitambulisha, akakamatwa kwa sheria ya Texas ya wakati huo iliyofanya kukataa huko kuwa kosa, akatozwa faini ya dola 20, na alipokata rufaa ikapanda hadi dola 45. Kesi ya dola 45 ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1979 majaji wote kwa sauti moja wakaifuta hatia yake: bila shaka yenye msingi, polisi hawakuwa na ruhusa hata ya kumzuia, sembuse kumwadhibu kwa kunyamaza.

Ya pili ilitoka Nevada. Mtu aitwaye Hiibel alikutwa kando ya gari baada ya polisi kupigiwa simu kuhusu ugomvi. Aliombwa kujitambulisha mara 11, akakataa mara 11. Nevada ina sheria inayomtaka mtu aliyezuiliwa kwa shaka yenye msingi ataje jina lake. Mwaka 2004, kwa kura 5 kwa 4, Mahakama ya Juu iliikubali sheria hiyo, na faini yake ya dola 250 ikabaki pale pale. Angalia mipaka yake: lazima shaka iwepo kwanza, lazima jimbo liwe limetunga sheria hiyo, na kilichodaiwa ni jina, si kadi.

Texas, baada ya Brown, ilipanga sheria yake vingine. Kifungu cha 38.02 cha sheria yake ya jinai kinasema mtu aliyekamatwa kihalali akikataa kutaja jina, makazi au tarehe ya kuzaliwa anatenda kosa. Mwenda kwa miguu aliyezuiliwa tu hatendi kosa kwa kukaa kimya. Anatenda kosa akidanganya. Tofauti hii ya kunyamaza na kudanganya ni nzito kuliko inavyoonekana, na mtu aliyepaniki ndiye hasa anayeikosea: anaona kimya kitamletea shida, anataja jina la binamu yake, na sasa kosa ambalo halikuwepo limekuwepo.

Kwa hiyo Turner, akiwa amezuiliwa ng'ambo ya kituo kile, aliruhusiwa kuulizwa na aliruhusiwa kukataa. Polisi walikuwa na haki ya kuuliza swali. Hawakuwa na haki ya kupata jibu. Luteni alilijua hilo, ndiyo maana akasema uko sahihi. Maafisa wake ama hawakulijua, ama walitumaini Turner halijui.

Pingu

Turner alishinda hapa, na ushindi huu haukuwa mdogo.

Maafisa walijitetea kwamba pingu na gari vilikuwa sehemu ya uchunguzi ule ule wa mwanzo, yaani bado mlango wa pili. Mahakama haikusema pingu kila mara ni kukamatwa. Kuna hali ambapo polisi anaweza kumfunga mtu mikono kwa usalama huku akiendelea kuchunguza. Lakini iliangalia picha nzima: mtu hana silaha, hakutishia yeyote, hakukimbia, na hakuna uchunguzi uliokuwa unaendelea ambao pingu zingeusaidia. Afisa mwenyewe alikwisha kutaja sababu ya pingu kwa kinywa chake. Vitendo vile, majaji wakasema, vilizidi tishio lolote na mahitaji yoyote ya uchunguzi. Mtu yeyote mwenye akili ambaye angekuwa katika nafasi ya Turner angeelewa kwamba amekamatwa.

Na ukishavuka kwenye mlango wa tatu lazima uonyeshe kosa. Kosa lipi? Kurekodi si kosa. Kukataa jina kabla ya kukamatwa kihalali si kosa katika Texas. Unabaki mduara: tunakukamata kwa kutotaja jina, na kutotaja jina kunakuwa kosa kwa kuwa tumekukamata. Mahakama ilikataa kuingia katika mduara huo. Iliandika waziwazi kwamba polisi hawawezi kumkamata mtu kwa sababu tu amekataa kutoa kitambulisho, na kwamba sheria juu ya jambo hilo ilikuwa wazi tangu zamani, tangu Brown. Kinga ya maafisa wale wawili ikaanguka kwa dai hilo.

Luteni alinusurika. Alikuta pingu zimeshafungwa, akauliza maswali, akasikiliza jibu, akamwachia mtu bila kuchelewa. Mahakama haikuona kwamba alimkamata Turner wala kwamba aliwaamuru wenzake wamkamate.

Haki iliyozaliwa siku moja kuchelewa

Sasa kamera. Turner alidai pia kwamba alizuiliwa na kukamatwa kwa sababu ya kurekodi, na kwamba kurekodi polisi ni sehemu ya uhuru wa kujieleza unaolindwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba.

Ili ashinde dai hilo mbele ya kinga ya maafisa, ilibidi athibitishe mambo mawili: kwamba haki hiyo ipo, na kwamba mwezi Septemba 2015 ilikuwa imethibitishwa kiasi kwamba afisa yeyote mwenye busara angeijua. La pili likamshinda. Mzunguko wa Tano haukuwa umewahi kutoa hukumu juu ya kurekodi polisi, na Mahakama ya Juu ya Marekani nayo haikuwa imeamua. Kwa hiyo maafisa wote watatu walipewa kinga kwa dai la kamera.

Tazama unyonge wa hali hii. Mtu anaambiwa haki yake haikuwa wazi kwa sababu hakuna aliyeshinda kesi kabla yake. Akija wa pili ataambiwa hivyo hivyo, kwa sababu wa kwanza hakushinda. Na tangu mwaka 2009 Mahakama ya Juu imeziruhusu mahakama kulikwepa kabisa swali la kwanza: hakimu anaweza kusema tu "haikuwa wazi" na kufunga faili bila kutamka kama haki ipo. Haki inaweza kukaa kwenye giza hilo miaka ishirini, kila mwaka polisi wakisema kwa ukweli kabisa kwamba hawakujua.

Jaji Jacques Wiener, aliyeandika hukumu ya walio wengi, aliliona hilo, akakataa kulikwepa. Akaandika kwamba haki ya kurekodi polisi ipo, kwa kuzingatia mipaka ya busara ya muda, mahali na namna. Akatoa sababu ambazo nazipenda kwa unyofu wake. Raia wanaowarekodi polisi wanasaidia umma kuwawajibisha, na kupata habari za kutosha kuamua mambo ya polisi yaendeshwe vipi. Na akaongeza jambo ambalo wengi hawalitarajii: video ya raia mara nyingi humsaidia polisi mwenyewe. Inaweza kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu ya kumkamata mtu, au kumsafisha anaposingiziwa.

Jaji Edith Brown Clement hakukubaliana. Aliona hakukuwa na haja ya kutamka haki ambayo haibadilishi matokeo ya kesi hii, na aliona hata madai ya kukamatwa yasingeendelea. Ninaiheshimu hoja yake ya kwanza. Mahakama inayotunga haki isiyohitajika katika kesi iliyo mbele yake ina hatari zake. Lakini ingefuatwa, mtu wa pili mwenye kamera katika Texas angekuwa pale pale alipokuwa Turner.

Ili kuona jinsi jiografia inavyoamua mambo haya, linganisha na Boston. Tarehe 1 Oktoba 2007 mwanasheria Simon Glik alipita katika bustani ya umma iitwayo Boston Common, akaona maafisa wakimkamata kijana, akatoa simu na kuwarekodi. Wakamkamata yeye pia, kwa kutumia sheria ya kunasa sauti za watu kwa siri, ingawa simu yake ilikuwa mkononi, machoni pa kila mtu. Mashtaka yakatupwa, Glik akawashtaki. Mwaka 2011 Mzunguko wa Kwanza, mahakama ya rufaa ya eneo la Boston, ukasema haki ya kurekodi ilikuwa wazi tayari, kwa kuwa ulishagusa jambo linalofanana na hilo mwaka 1999. Kinga ikakataliwa, na mwaka 2012 mji wa Boston ukamlipa dola 170,000 kumaliza kesi. Haki ni ile ile, katiba ni ile ile. Mmoja alikuwa Boston, mwingine Fort Worth.

Baada ya Turner, mizunguko mingine ilifuata: wa Tatu mwezi Julai 2017 katika kesi ya Philadelphia, wa Kumi mwaka 2022 katika kesi ya Colorado. Na katikati ya hapo, tarehe 25 Mei 2020, msichana wa miaka 17, Darnella Frazier, alisimama kando ya barabara Minneapolis akarekodi kifo cha George Floyd. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema mtu alifariki baada ya kupatwa na tatizo la kiafya wakati akishughulikiwa na polisi. Bila ile simu, taarifa hiyo ingebaki kuwa ndiyo habari.

Mipaka, na watu wetu

Turner alisimama mbali, ng'ambo ya barabara, na umbali huo ulimsaidia. Haki aliyoitamka Jaji Wiener haimruhusu mtu kujisogeza katikati ya polisi na anayekamatwa, wala kuvuka utepe waliozungushia tukio. Ukiambiwa rudi nyuma, rudi nyuma ukiendelea kurekodi. Majimbo yamejaribu kuweka umbali kwa sheria: Arizona ilipitisha mwaka 2022 sheria ya futi 8, na mahakama ya shirikisho ikaizuia kabla haijaanza kutumika.

Kamera ikichukuliwa, kilichomo ndani yake hakifunguliwi hivi hivi. Tangu hukumu ya Riley dhidi ya California ya mwaka 2014, polisi wanahitaji hati ya hakimu kupekua simu ya mtu hata kama wamemkamata kihalali. Anayeombwa nywila barabarani anaweza kusema kwa upole kwamba hakubali kupekuliwa.

Na kuna jambo ambalo kesi hii haiwagusi vizuri wasomaji wengi wa Kiswahili waliopo Texas, wawe wametoka Nairobi, Bukavu au Kigoma. Kanuni niliyoieleza inahusu sheria ya jimbo. Mgeni asiye raia, mwenye miaka 18 au zaidi, ana wajibu chini ya sheria ya shirikisho wa kuwa na hati yake ya usajili, kama vile kadi ya kijani, kila wakati. Turner angeweza kuacha pochi nyumbani. Mwenye kadi ya kijani akiiacha anatenda kosa jingine kabisa. Haki ya kunyamaza bado anayo. Asichopaswa kufanya hata mara moja ni kusema yeye ni raia wakati si raia: sentensi hiyo moja inaweza kumfungia mlango wa ukaazi maisha yake yote. Vivyo hivyo anayeendesha gari, raia au mgeni, ana wajibu wa kuonyesha leseni akisimamishwa barabarani. Mtu aliyetazama video za akina Turner mtandaoni akadhani kanuni ya mwenda kwa miguu inamfuata ndani ya gari atajiumiza bure.

Hukumu ya Februari 2017 ilirudisha kesi kwenye mahakama ya wilaya ikiwa imepungua sana. Dai la kamera lilikuwa limeondoka, dai la kusimamishwa limeondoka, luteni ameondoka. Kilichorudi ni maafisa wawili na pingu zao. Lakini kuanzia siku ile, afisa wa Fort Worth, Houston, Baton Rouge au Jackson anayemkuta mtu kwenye njia ya waenda kwa miguu na kamera mkononi hawezi tena kusema mbele ya hakimu kwamba hakujua.